Mjomba na mashine ya zamani

Mwenzenu nilikuwa Kusini wiki mbili, Masasi na Newala, kwa mambo ya kifamilia na kidogo ya kikazi. Ningeweza kuwaandikia habari za korosho, maana ndizo kila mtu huulizia akisikia natoka huko. Lakini kuna jambo lilinikuta stendi ya Masasi na limekataa kunitoka kichwani, basi leo mnivumilie.

Nilikuwa nasubiri gari la kupanda Newala. Akaja jamaa wa rika langu, tulisoma naye shule ya msingi, akanivuta pembeni. Mama yake ana kansa ya koo. Wamepewa barua ya kwenda Dar es Salaam, Ocean Road, kwa ajili ya mionzi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia bei ya kitu cha magendo: "Wewe ni mwandishi, na mjomba wako alipita huko. Hivi mashine ipi ndiyo nzuri? Nasikia kuna ya zamani na kuna mpya. Nisije nikampeleka mama akawekwa kwenye ya zamani."

Nikaanza kumjibu, kondakta akaanza kupiga bati la gari, tukapeana namba, nikapanda. Jibu langu lilikuwa la nusu dakika na halikuwa na maana yoyote. Njia nzima ya kupanda mlima nilikuwa najijibu mwenyewe. Swali lile niliwahi kuliuliza mimi, mwaka 2019, tena kwa kiburi cha mtu mwenye intaneti mfukoni. Lilitugharimu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa kuja sikukuu na kuondoka. Ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo kaka yake mama ndiye mwenye neno. Mjomba wangu ndiye aliyenipeleka jando, na ndiye aliyeuza magunia ya korosho ili mimi niende kidato cha tano. Hata leo nikiandika habari nzuri huwa namwona amekaa barazani na redio yake, akiniuliza, "Mpwa wangu, na hiyo wamekulipa?"

Msimu wa 2018, ule ambao jeshi lilikuja kubeba korosho na bei ikatangazwa shilingi 3,300 kwa kilo, nyama ilianza kumkwama. Akasema ni nyama ngumu. Halafu ukaanza kukwama ugali, akawa anasukuma kila tonge kwa maji. Mnaojua uwanda wa Makonde mnajua maji kule si kitu cha kuchezea, watu wamepanda na kushuka mabonde kwa ndoo tangu enzi, kwa hiyo shangazi akaanza kunung'unika kwamba mzee anamaliza mtungi kwenye chakula kimoja. Tulicheka. Ndiyo, tulicheka.

Kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja, kilimpa dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi saba. Kila akienda anapewa pakiti nyingine. Kufikia Juni 2019 alikuwa anakunywa uji, tena mwepesi, na suruali anaifunga kwa kamba. Nilipokwenda kumwona nilimpa shikamoo nikashika mkono ambao sikuujua.

Hapa niseme kitu kuhusu maneno. Tunasema "koo" kwa kila kitu kilichoko shingoni. Njia ya chakula, ule mrija unaoshuka kutoka kooni hadi tumboni, una jina lake: umio. Mtu akisema koo linakwama, anapewa dawa ya kusukutua au ya kifua. Chakula kikikwama kifuani, na kinazidi wiki hadi wiki, kuanzia kigumu kwenda laini, hilo ni umio, na linataka kipimo cha kamera haraka. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulijua jina hilo. Kuna ukanda mzima, kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ambao saratani ya umio imeota mizizi kuliko sehemu nyingi duniani. Kule Bomet nchini Kenya, hospitali ya Tenwek imepokea wagonjwa wenye umri chini ya miaka 30. Sababu yake moja haijulikani. Inatajwa pombe, inatajwa tumbaku, na mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kuleta saratani. Mjomba alikuwa mtu wa chai inayofuka na, msimu wa mabibo, uraka. Lakini nusu ya Newala wanakunywa hivyohivyo, kwa hiyo sitaki kumlaumu marehemu.

Tulimsafirisha kwa basi. Masasi hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, na mjomba alikaa dirishani na chupa ya maziwa, anameza kijiko kimoja kimoja. Tulipovuka Daraja la Mkapa pale Rufiji akasema, "Huyu mtoto wa Lupaso alitufanyia jambo." Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2003 watu walikuwa wanalala porini wakisubiri kivuko. Nilifikiri juu ya wagonjwa wa wakati ule nikanyamaza.

Muhimbili walimpitisha kamera, wakachukua kinyama cha kupima, wakampiga CT. Uvimbe ulikuwa katikati ya umio, na tayari kulikuwa na madoa kwenye ini. Tukaelekezwa Ocean Road, lile jengo ambalo Wajerumani walilijenga kama hospitali mwishoni mwa karne ya 19, linalotazama bahari. Daktari aliyetupokea alikuwa dada mmoja mpole. Akatazama picha, akamtazama mzee, akasema atapendekeza mionzi siku kumi kwa mashine ya kobalti.

Kobalti! Mimi nilikuwa nimeshasoma. Nilijua kwamba mwaka 2018, mwaka mmoja tu nyuma, taasisi ilikuwa imefunga mashine mpya, zile ziitwazo linaki. Magazeti yaliandika, hata mimi niliandika. Sasa mbona mzee wangu anapelekwa kwenye ya zamani? Na mbona siku kumi, wakati kwenye mtandao watu wanapigwa siku 25, siku 28? Kichwani mwangu hesabu ilikuwa rahisi: mzee wa Kimakonde, kanzu imechakaa, hana mtu. Wamemwekea cha maskini.

Nikatoka nje nikampigia mama. Nikamwambia wasikubali chochote, nitatafuta mahali pengine. Wiki mbili na siku mbili nilizunguka na simu na barua pepe, nauliza bei Nairobi, nauliza bei India. Usiku nasoma habari za mionzi ya protoni. Mjomba alikuwa amelala Kigamboni kwa mama mdogo, anasubiri mpwa wake msomi amalize utafiti. Alipofika Dar alikuwa anakunywa uji. Nilipomaliza utafiti uji ulikuwa haupiti tena, ni maji na maziwa kwa kijiko.

Bei zilizokuja sina haja ya kuziandika. Tulirudi kwa dada yule yule. Sikumwona akikasirika. Alichukua karatasi akanichorea kifua cha mtu, na nusu saa ile ndiyo ningependa jamaa yangu wa stendi angekuwapo.

Alianza na mahali umio ulipo. Uko katikati kabisa ya kifua. Mbele yake kuna bomba la hewa na moyo, pembeni mapafu, nyuma uti wa mgongo. Hakuna mwale unaoweza kuufikia bila kupita kwenye kitu unachokihitaji. Tofauti zote za mashine, akasema, ni tofauti za jinsi ya kupita hapo katikati.

Kobalti-60 ni chuma kilichopikwa kwenye tanuri la nyuklia. Kinatoa miale usiku na mchana, umeme uwepo usiwepo. "Kuizima" mashine ni kukirudisha chuma ndani ya ganda lake. Nguvu yake inapungua nusu kila baada ya miaka mitano na miezi michache. Hapo ndipo watu wanapodhani chuma kikizeeka dawa imechacha. Hapana. Dozi inapigiwa hesabu upya, na kinachoongezeka ni dakika za kulala mezani. Udhaifu wake wa kweli ni mwingine: miale yake haina nguvu kubwa ya kuzama, kwa hiyo inaacha nyingi njiani kabla ya kufika ndani, na kingo zake hazikati vizuri, kama mwanga wa kurunzi ambao pembeni unafifia polepole badala ya kukoma.

Linaki haina chuma cha nyuklia. Inatengeneza miale kwa umeme, yenye nguvu zaidi, inayozama zaidi, yenye kingo kali. Mdomoni mwake ina vibamba vyembamba vya chuma kizito vinavyosogea kimoja kimoja, kwa hiyo mwale unakatwa kwa umbo la uvimbe. Kuna hatua tatu za ufundi hapo. Ya kwanza ni kupiga picha ya CT na kulenga kwa umbo kutoka pande kadhaa. Ya pili ni kubadilisha ukali wa mwale ndani ya umbo hilohilo, huku unakoleza, kule unapunguza. Ya tatu ni mashine kuzunguka mwili huku inapiga na huku vibamba vinacheza. Kadiri unavyopanda ngazi, moyo na mapafu vinanusurika zaidi.

"Na matokeo?" nikauliza, maana nilikuwa bado nina ugomvi. Hapa nachanganya aliyoniambia na niliyosoma baadaye. Hospitali ya MD Anderson ya Houston ilichapisha mwaka 2012 ufuatiliaji wa wagonjwa zaidi ya 600 wa saratani ya umio. Waliopata mionzi ya kubadilisha ukali waliishi zaidi kuliko waliopata ile ya kulenga umbo tu, na vifo vya moyo vilikuwa vichache kwao. Lakini waliokufa kwa saratani yenyewe hawakutofautiana, na haikuwa kura ya bahati nasibu, ni kumbukumbu za hospitali. Na ile protoni iliyonikosesha usingizi? Hospitali hiyohiyo, mwaka 2020, ikapiga kura ya bahati nasibu kati ya protoni na mionzi ya kubadilisha ukali. Madhara yalipungua sana kwa protoni. Muda ambao ugonjwa ulitulia bila kurudi haukutofautiana. Maana yake mashine ghali huokoa zaidi vilivyo jirani na uvimbe. Uvimbe wenyewe hauulizi umepigwa na mashine ya mwaka gani, unauliza umepata dozi kiasi gani.

Hata dozi nayo ina mpaka. Mimi nilidhani ikiongezwa ndiyo bora, kama mbolea. Wamarekani walijaribu, wakatoa majibu mwaka 2002: kundi moja lilipewa grei 50.4, jingine 64.8, yote pamoja na dripu za kemo. Lile la dozi kubwa halikuishi zaidi. Kilicholeta tofauti katika historia ya ugonjwa huu ni kuweka mionzi na kemo pamoja. Katika jaribio moja la Marekani lililohitimishwa mwaka 1999, waliopata vyote viwili, robo yao na zaidi kidogo walikuwa hai baada ya miaka mitano. Waliopata mionzi peke yake, tena ya dozi kubwa zaidi, hakubaki hata mmoja. Na Waholanzi mwaka 2012 wakaonyesha kwamba mionzi ya grei 41.4 pamoja na kemo, halafu upasuaji, iliongeza maisha maradufu ukilinganisha na upasuaji pekee: miezi 49 dhidi ya 24, ukitazama mgonjwa wa katikati.

Nikasema, haya, tumpe mjomba hivyo. Dada akaweka kalamu chini.

"Kaka yangu, hayo yote ni ya mtu ambaye ugonjwa haujatoka kwenye umio. Wa mjomba umefika kwenye ini. Mimi sijaribu kumponya, sitakudanganya. Najaribu kumfungulia njia ale. Sasa niambie wewe: kwa kumfungulia njia, unataka nimweke hapa mjini siku kumi au wiki sita?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea na jambo ambalo mimi, na kurasa zangu mia mbili, sikuwa nimeliona. Uti wa mgongo hawapendi upite grei 45 hivi. Ukimpiga mgonjwa miale miwili rahisi, mmoja kutoka mbele, mwingine kutoka nyuma, uti unapata karibu sawa na uvimbe. Kwa hiyo ukitaka kufika grei 50 za kuponya, hapo ndipo unapohitaji kuukwepa uti kwa pembe na vibamba, hapo linaki inalipa gharama yake yote. Lakini grei 30 kwa siku kumi haziufikishi uti kwenye hatari. Kwa dozi hiyo mashine ya zamani inafanya kazi ileile. Hakuwa amepewa cha maskini. Alikuwa amepewa kinachomtosha.

Kuna aina nyingine ambayo sikuwa nimeipa uzito kwa sababu haina mashine ya kupendeza: mionzi ya ndani. Badala ya kupita kifuani, mrija mwembamba unashushwa kwenye umio hadi kwenye uvimbe, halafu kipande kidogo cha iridiamu, kama punje ya mchele, kinasafirishwa ndani yake, kinakaa dakika chache na kurudi. Kwa kuwa kiko ndani kabisa, kinachoma karibu na nguvu yake inakufa upesi ukienda mbali, mapafu na uti havipati kitu cha maana. Inaweza kuwa mara moja tu, au mara mbili tatu, basi. Waholanzi mwaka 2004 walilinganisha mionzi ya ndani ya mara moja, grei 12, na stenti, ule mrija wa waya unaopanuliwa kwenye umio kushikilia njia wazi. Stenti ilifungua haraka zaidi, ndani ya siku. Mionzi ilichelewa kidogo, lakini baada ya miezi mitatu hivi waliopata mionzi walikuwa wanameza vizuri zaidi na matatizo yalikuwa machache. Na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki liliendesha utafiti katika nchi sita, Sudan na Afrika Kusini zikiwemo, ukachapishwa mwaka 2010: mionzi ya ndani mara mbili, halafu nusu ya wagonjwa wakaongezewa ya nje siku kumi. Walioongezewa walimeza vizuri zaidi.

Nilipousoma huo wa mwisho nilikaa kimya muda mrefu. Ni utafiti uliofanywa kwa ajili ya watu kama mjomba, katika nchi kama zetu, na ulikuwa umechapishwa miaka tisa kabla. Mimi nilikuwa nasoma protoni.

Tatizo ni kwamba mionzi ya ndani inataka njia iwe wazi walau kidogo, mrija upite. Njia ya mjomba sasa ilikuwa imebana mno. Kama ingepitika wiki mbili na siku mbili kabla, hilo halitajulikana kamwe, na mimi sitamwuliza mtu.

Mjomba mwenyewe alisikiliza yote. Nilidhani hafuati. Dada alipomaliza akauliza kwa Kiswahili chake cha Newala: "Mwanangu, siku kumi hizo, zikiisha, mnada wa kwanza wa korosho utanikuta nyumbani?" Dada akasema, "Nadhani utakukuta, baba." Mjomba akasema, "Basi anza kesho."

Kila asubuhi walivuka pantoni na mama mdogo, wakatembea kwa miguu kutoka Kivukoni, yeye anapumzika kila penye kivuli. Mashine wenyewe hukaa nayo dakika chache. Kinachochosha ni njia na kusubiri. Walimchora kifuani kwa wino na kumwambia asifute, naye alijivunia ule mchoro, akasema ni chale za mjini. Pantoni ilimshangaza zaidi ya mashine. Mtu wa uwandani, aliyekulia mahali ambapo ndoo ya maji ni mali, anatazama bahari nzima na hakuna hata kikombe cha kunywa. "Na mimi hata kingekuwapo," akasema, "ningekimezaje?" Mama mdogo alilia, mjomba alicheka.

Siku ya saba mambo yakawa mabaya. Umio ulichomeka, hata maji yakawa yanauma, na mimi nikaanza tena kumsonga dada kwa maswali. Aliniambia hilo linatarajiwa: mionzi hukasirisha umio kabla ya kuufungua, na nafuu inakuja wiki kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Kwa hiyo watu wengi hurudi kwao wakiamini mionzi imewaua. Aliniambia pia kwamba si wote wanaofunguka. Nambari nilizipata baadaye, katika utafiti wa Australia na nchi nyingine uliotoka mwaka 2018: kati ya wagonjwa 100 wa hali kama ya mjomba waliopata mionzi mifupi peke yake, 35 hivi ndio waliopata nafuu iliyodumu. Kuongeza kemo kulipandisha hadi 45, lakini tofauti hiyo haikutosha kuaminika, madhara yaliongezeka na maisha hayakurefuka. Ni kura, tena si ya uhakika.

Mjomba alikuwa mmoja wa wale 35.

Katikati ya Septemba mama akanipigia simu kutoka Newala. Hakusema chochote, akampa simu mjomba. Nikasikia mtu anatafuna. Akasema, "Mpwa wangu, ming'oko." Kwa msioijua, ming'oko ni viazi pori vyetu, vyembamba, vinachemshwa vinaliwa na chumvi na pilipili, na ukimpa mtu wa Dar atakuuliza hii mizizi ni dawa ya nini. Alikuwa anakula polepole, anatafuna hadi inakuwa uji, lakini inapita. Oktoba akala ugali wa muhogo na kisamvu. Mnada wa kwanza ulimkuta nyumbani. Wa pili pia. Alifariki Januari 2020, baada ya wiki tatu za kuziba tena, nyumbani kwake, akiwa ameshaniambia shamba lipi ni la nani.

Kwa hiyo jamaa yangu wa stendi, najua sasa ningekujibu nini, na ingenichukua zaidi ya nusu dakika. Nisingekutajia mashine. Ningekuuliza mama anameza nini leo. Ningekuambia umwulize daktari swali moja kabla ya mengine yote: mnajaribu kumponya au mnajaribu kumfungulia njia? Akisema kuponya, basi ng'ang'ania upate mionzi na kemo pamoja, na hapo ndipo uulize kuhusu linaki, uulize uti na moyo vinapata kiasi gani, na ujiandae kukaa wiki tano au sita bila kuruka siku, kwa sababu uvimbe wa aina hii ukiachiwa nafasi katikati ya tiba unatumia nafasi hiyo. Akisema kufungua njia, uliza ipi ni fupi zaidi, uliza kama mrija wa mionzi ya ndani unaweza kupita, uliza kuhusu stenti kama hata maji hayapiti, na mashine ya zamani usiiogope. Halafu usiende kulala na mtandao wiki mbili.

Mwaka 2019 mtu wa Mtwara au Lindi hakuwa na mashine ya mionzi karibu na kwao. Ilikuwa Dar, au Bugando kule Mwanza, ambako kwa mtu wa Masasi ni kama nchi nyingine. Mwaka 2023 hospitali ya rufaa ya kanda ilizinduliwa pale Mtwara, jengo zuri kweli, nimelipita, na vipimo vingi ambavyo mjomba alivifuata Muhimbili sasa viko karibu. Kwa mionzi jamaa yangu bado amepewa barua ya Dar. Nauli unaweza kuiuzia mbuzi. Wiki sita za chumba na chakula mjini ndizo zinazomrudisha mtu nyumbani siku ya kumi na nne na dozi yake nusu.

Jana jioni amenipigia. Wamefika. Kipimo kinaonyesha ugonjwa wa mama bado uko kwenye umio tu, haujatoka. Ameandikiwa mionzi mara 28, siku tano kwa wiki, na dripu. Anameza uji mzito. Jamaa alikuwa anahema kwenye simu kama mtu aliyekimbia, akaniuliza mashine gani hiyo, halafu akajicheka mwenyewe.

Anatafuta chumba, yeye na mama yake na dada yake mmoja, wiki sita, Kigamboni karibu na pantoni au popote kuanzia Kivukoni hadi Magomeni, kisiwe na ngazi nyingi. Kwa mama mdogo kumejaa. Mwenye chumba, au anayemjua mwenye chumba, anitafute hata usiku.